Aliyetia Sahihi Hana Budi Kujibu

Hotuba kwa wanachama na wananchi wa Murongo, Wilaya ya Kyerwa, juu ya hati za ardhi zenye kasoro na wajibu wa maofisa wanaozitoa



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya karatasi. Karatasi hiyo yakunjika ikaingia mfukoni, nayo huitwa hati. Lakini ndani yake kimo kibanja kizima: imo migomba, imo mibuni, yamo makaburi ya wazee, imo na karo ya watoto. Karatasi hiyo ikiandikwa vibaya, vyote hivyo vimo hatarini. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza neno moja: mali yenye daftari la makosa hupotea pia, na habari zake zimeandikwa na kupigwa mhuri.

Swali letu ni hili: hati ya ardhi ikitoka na kosa, nani atajibu?

Ukiuliza swali hili sokoni, wengi watakuambia, "Ni Serikali." Kisha watanyamaza, kwani Serikali haina mlango mmoja wa kubisha hodi. Jibu hilo halitoshi. Hati haijiandiki. Imepita mikononi mwa watu wenye majina na vyeo, nao wametia sahihi. Na sahihi maana yake ni kusema: nimeona, nimekagua, nakubali kuulizwa. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu akisahihisha daftari la mtoto hutia alama yake chini, na mzazi akiona kosa limepewa alama ya sawa, ana haki ya kuja shuleni kumwuliza mwalimu yule yule. Kama mwalimu huulizwa kwa hesabu ya kujumlisha, itakuwaje ofisa asiulizwe kwa shamba la mtu?

TULIKOTOKA

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka, ili tujue kwa nini karatasi hii ililetwa.

Katika nchi yetu hii ya magharibi ya Ziwa kulikuwa na nyarubanja. Chini ya desturi hiyo mtu alilima kibanja, akakipalilia, akazeekea humo, lakini bwana wa ardhi, yaani mtwazi, alikuwa mtu mwingine, na mlimaji alimtolea kodi mwaka hata mwaka. Hapakuwa na hati. Neno la mkubwa ndilo lililokuwa hati, na neno hilo likikosea hapakuwa na mahali pa kulipeleka.

Wakoloni nao hawakuiondoa shida hiyo. Wajerumani mwaka 1895 walitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola yao, na wao wenyewe ndio waliokuwa waamuzi wa nani ni mwenyewe. Waingereza mwaka 1923 walitunga Sheria ya Ardhi iliyoiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Ndipo mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alipoandika maneno yake yaliyoitwa "Mali ya Taifa", akipinga mpango wa kuifanya ardhi kuwa bidhaa ya kuuzwa milele kama shati dukani. Baada ya Uhuru, mwaka 1963 milki zile za kudumu zilibadilishwa kwa sheria, na mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa wakulima wa nyarubanja. Mlimaji akawa mwenye haki yake.

Lakini haki bila utaratibu wa kuitunza ni kama maji katika kapu. Zilipofika siku za Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1970 na 1977, watu wengi nchini walihamishwa na kugawiwa mashamba mapya, na magomvi juu ya nani ana haki ya wapi yakawa mengi. Mwaka 1991 Rais aliunda Tume ya kuchunguza mambo ya ardhi, ikiongozwa na Profesa Issa Shivji, nayo ilizunguka mikoa ikisikiliza wananchi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua katika kesi iliyotoka upande wa Arusha kwamba haki ya mkulima katika ardhi yake ya kimila ni mali, na mali hiyo yalindwa na Katiba. Kisha zikaja sheria mbili za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Zote mbili zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kwa sheria ya vijiji, hakimiliki ya kimila ilipewa hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa mjini.

Basi karatasi ililetwa ili neno la mkubwa peke yake lisitoshe. Ikiwa karatasi hiyo ina kosa na hakuna wa kujibu, basi karatasi yenyewe imekuwa mtwazi mpya.

MIKONO INAYOIPITISHA HATI

Sasa tuifuate hati ya kijijini tangu inapoanza hata inapomfikia mwenyewe, tujue ni mikono ya nani imeigusa.

Mkono wa kwanza ni wa mwombaji. Yeye ndiye asemaye jina lake, jina la mwenzi wake, na mipaka ya kibanja chake. Mkono wa pili ni wa majirani na wahakiki wa kijiji, ambao husimama shambani na kusema: mpaka wapita hapa, kwenye mti huu, kwenye njia hii. Pamoja nao yuko mpimaji na chombo chake cha kusomea alama za ardhi.

Mkono wa tatu ni wa kijiji chenyewe. Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, lakini si mwenye ardhi. Haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujakubali. Neno hili twalitilia mkazo. Mwenyekiti akikaa na watu watatu chini ya mwembe wakagawa shamba la kijiji, hicho si kikao cha sheria, hata kama kimeandikiwa muhtasari mzuri.

Mkono wa nne ni wa Mwenyekiti wa Kijiji na Mtendaji wa Kijiji. Kwa mujibu wa sheria ile ya mwaka 1999, hati ya hakimiliki ya kimila yapasa itiwe sahihi na Mwenyekiti na katibu wa Halmashauri ya Kijiji, na mwenye kupewa naye atie sahihi au alama yake ya dole. Mtendaji ndiye pia mtunzaji wa daftari la ardhi la kijiji.

Mkono wa tano ni wa Ofisa Ardhi wa Wilaya. Huyu hutia sahihi, hupiga mhuri, na kuisajili hati. Kazi yake si ya kupiga mhuri tu kama karani wa posta. Sheria imemweka mwisho wa mstari ili awe jicho la mwisho. Ikiwa jina si lile lililokubaliwa na mkutano, yeye ndiye wa kuliona. Ikiwa shamba moja lina hati mbili, yeye ndiye mwenye daftari la kumwonyesha jambo hilo.

Hiyo ndiyo mikono mitano. Mtu akikuambia kwamba haijulikani nani alikosea, mwambie aikunjue hati asome sahihi zilizo chini.

KOSA, UZEMBE NA HILA

Lakini lazima tuwe waadilifu. Makosa hayafanani, na majibu yake hayawezi kufanana. Tuchukue mfano mmoja wa kujifunzia. Tuseme yuko mjane mwenye kibanja, na jirani yake naye ana kibanja. Wapimaji wamepita, hati zimetoka, na sehemu ya migomba ya mjane imeandikwa katika hati ya jirani. Jirani amekopa fedha kwa hati hiyo, deni limemshinda, na mwenye kukopesha anataka kuuza. Mjane anaamka asubuhi na kuona watu wageni wanapima migomba yake.

Hali ni hiyo moja, lakini yaweza kuwa na asili tatu.

Asili ya kwanza ni kosa la kibinadamu. Aliyeandika tarakimu za upimaji aligeuza mbili. Hakuna aliyekusudia wala aliyepata faida. Dawa ya kosa la namna hii ni kusahihishwa daftari, na kusahihishwa upesi. Ofisa anayeambiwa kosa akalisahihisha ametimiza wajibu wake, na sisi tumshukuru. Lakini ofisa anayeonyeshwa kosa kwa maandishi akaliacha likae, huyo ametoka katika kosa na kuingia katika jambo la pili.

Jambo hilo la pili ni uzembe. Hati zililetwa kwa mafungu, mtu akazitia sahihi bila kuzisoma. Mipaka haikukaguliwa shambani, ilichorwa mezani. Mjane alilalamika, barua yake ikalala katika faili. Hapa mjane amepata hasara kwa sababu mtu anayelipwa kufanya kazi hakuifanya. Kwa sheria, mwajiri hujibu kwa makosa ya mtumishi wake aliyoyatenda kazini. Kwa hiyo Halmashauri au Serikali yaweza kudaiwa fidia, na mtumishi mwenyewe yampasa kupelekwa mbele ya mamlaka ya nidhamu.

Asili ya tatu ni hila. Jirani alimpa mtu bahasha. Muhtasari wa mkutano uliandikwa, na mkutano haukukaa. Alama ya dole ya mjane iliwekwa na dole la mtu mwingine. Hapa hatuzungumzi tena juu ya kusahihisha wala juu ya barua ya onyo. Hii ni jinai. Sheria ya Kanuni za Adhabu huadhibu kughushi hati, na adhabu yake ya jumla yaweza kufika kifungo cha miaka 7. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 iliweka kosa la matumizi mabaya ya mamlaka, kwa adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mtu wa namna hii hajibu kwa niaba ya ofisi. Hujibu kwa jina lake mwenyewe.

Kazi ya mwananchi anayelalamika ni kujua jambo lake liko katika fungu gani. Ukimwita mwizi mtu aliyegeuza tarakimu, utamfanya ajifiche nyuma ya faili na hutasahihishiwa kitu. Na ukimwandikia barua ya upole mtu aliyeghushi dole lako, umempa nafasi ya kuharibu ushahidi.

NGAO YA NIA NJEMA

Kuna maofisa watakaotuambia, "Sheria yatukinga." Ni kweli, na tuseme kweli yote. Kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Mto Kagera, Sheria ya Usajili wa Hati ya Uganda yasema kuwa msajili hashitakiwi binafsi kwa jambo alilolitenda kwa nia njema katika kazi yake. Fikra hii yapatikana katika sheria nyingi za usajili zilizotokana na za Waingereza. Na ina sababu. Kama ofisa angeuza nyumba yake kila anapokosea herufi, hakuna ambaye angethubutu kutia sahihi, nasi tungekaa bila hati.

Lakini ngao hii ina pande mbili, na watu hupenda kuonyesha upande mmoja. Palipo na ngao ya ofisa pana budi pawe na mfuko wa mwananchi. Mwaka 1858 Bwana Robert Torrens alipoanzisha mtindo wa kusajili hati katika South Australia, sheria yake iliweka pamoja na daftari mfuko maalumu wa kumfidia mtu aliyepoteza ardhi kwa kosa la daftari. Hakusema, "Daftari halikosei." Alisema kwa matendo kuwa daftari laweza kukosea, na likikosea aliyeumia alipwe.

Tanganyika nayo iliifuata njia hiyo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 1953 ina sehemu ya kurekebisha daftari, na ina sehemu ya fidia kwa aliyepata hasara kwa sababu ya marekebisho hayo au kwa kosa lisiloweza kurekebishwa. Lakini angalieni: sheria hiyo yazungumza juu ya ardhi iliyo katika daftari la Msajili wa Hati. Hati ya kimila ya mkulima wa Murongo imeandikwa katika daftari jingine, la kijiji na la wilaya. Jambo hili tutalirudia.

Tena, nia njema ni lazima iwe njema. Aliyekula bahasha hana nia njema. Aliyeonywa kwa maandishi akapuuza, nia yake yapaswa kuulizwa.

TUJIFUNZE KWA MAJIRANI

Wako wanaodhani kuwa hati ikishapigwa mhuri imekuwa kama Msahafu, haiguswi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesema, na imerudia, kuwa mwenye hati huchukuliwa kuwa mmiliki halali, ila ithibitishwe kuwa hati haikupatikana kihalali. Hilo "ila" ndilo mlango wa mjane wetu.

Kenya wamejifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2003 iliundwa Tume iliyoongozwa na Bwana Paul Ndung'u kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Taarifa yake ya mwaka 2004 ilikadiria kuwa hati haramu zipatazo 200,000 zilitolewa kati ya mwaka 1962 na 2002. Hati 200,000 hazitolewi na mwizi mmoja usiku. Zilitolewa mchana, katika ofisi, na watu wanaopokea mshahara.

Na tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni ilikuwa na hati ya ardhi iliyoko Nyali, karibu na bahari, nayo ilikuwa imeinunua. Lakini mgawo wa kwanza, uliofanywa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati ule, Daniel arap Moi, haukufuata taratibu za sheria, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa ya matumizi ya umma. Mahakama ikasema kuwa hati iliyozaliwa na mgawo wenye kasoro haiwezi kulindwa, hata ikiwa mikononi mwa mnunuzi.

Ndugu zangu, tuitafakari hukumu hiyo. Ni njema kwa umma, kwani mali ya wote imerudi kwa wote. Lakini inatufundisha pia kwamba kosa la ofisa wa mwaka 1989 laweza kumwangukia mnunuzi baada ya miaka 30 na zaidi. Hati yenye kasoro haifi kwa kukaa sandukuni. Yangoja siku yake.

NJIA ZA KUDAI

Sasa tuseme ni wapi pa kwenda.

Ikiwa ni kosa la jina au la mpaka na majirani wanaelewana, anza kwa barua kwa Mtendaji wa Kijiji, na nakala kwa Ofisa Ardhi wa Wilaya. Andika nakala mbili, na yako ipigwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Mhuri huo ndio shahidi wako kesho, kwani hakuna atakayeweza kusema hakujua.

Ikiwa jirani amekataa, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, hupatanisha tu na halitoi hukumu tena. Likishindwa kuwapatanisha watu katika siku 30, shauri laweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ikiwa unaidai Halmashauri ya Kijiji, Halmashauri ya Wilaya au Serikali yenyewe, utaratibu ni mwingine. Kwa marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, ni lazima kwanza utoe taarifa ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe katika shauri, na shauri lipelekwe Mahakama Kuu. Kwetu sisi Mahakama Kuu iko Bukoba. Kesi nyingi zimetupwa kwa sababu taarifa haikutolewa au Mwanasheria Mkuu hakuunganishwa. Haki ilikuwapo, mlango ulikosewa.

Ikiwa ni hila na rushwa, nenda polisi na TAKUKURU, na usingoje shauri la madai liishe.

Na muda una mwisho. Shauri la kudai ardhi lina miaka 12. Shauri la kudai fidia kwa madhara ya uzembe lina miaka 3 tu. Anayesema "tutaona mwakani" mara tatu, ataona mlango umefungwa.

MURONGO NI MPAKANI

Kwa nini tumechagua kuyasema haya hapa Murongo? Kwa sababu Murongo ni mpakani, na ardhi ya mpakani huvumilia makosa kidogo kuliko ardhi nyingine.

Ng'ambo ya mto ni Kikagati, nako tuna mashemeji, wajomba na wateja. Undugu huo ni mzuri, nao ulikuwapo kabla ya ramani za wakoloni. Lakini sheria yetu yasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa. Mtu akipewa hati kwa jina la kukopeshwa, iko siku jina hilo litadai shamba, na fedha za watu zitapotea. Aliyetia sahihi bila kuuliza ni nani hasa anayepewa atakuwa na la kujibu.

Tena katika wilaya yetu hii iko Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019. Mstari wa hati ukiingia hifadhini hata kwa hatua chache, mkulima ataitwa mvamizi akiwa na karatasi ya Serikali mkononi. Mtoni kuna mradi wa umeme wa Kikagati na Murongo, na kazi za barabara huja na kupita. Kazi kama hizo zinapogusa mashamba, fidia hufuata jina lililo katika daftari. Jina likikosewa, fedha huenda kwa asiyestahili.

Na akina mama tusiwasahau. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi iliyotoka mkoa wetu huu wa Kagera, alikataa mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Sheria za mwaka 1999 zikasema waziwazi kuwa haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kwa hiyo hati ya kibanja kilicholimwa na mume na mke, yenye jina la mume peke yake, hatukubali kuiita hati kamili. Aliyeiandika alipaswa kuuliza, "Mama yuko wapi?" Asipouliza, ameshindwa kazi.

TUNALOTAKA

Hatukuja kuwachochea watu wawachukie maofisa. Wengi wao hufanya kazi ngumu, wachache kwa idadi, na vijiji ni vingi. Lakini heshima ya ofisa hulindwa na uwazi. Kwa hiyo twataka mambo manne.

La kwanza, chini ya kila sahihi liandikwe jina na cheo kwa herufi zinazosomeka, na jina la mpimaji pia. Sahihi ya kuchorachora kama njia ya konokono haimsaidii mtu.

La pili, kabla hati hazijatiwa sahihi, zisomwe kwa sauti mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji: jina, mwenzi, mipaka ya pande zote. Mwenye pingamizi aseme pale pale, na jina lake liandikwe.

La tatu, maneno ya fidia yaliyo katika sheria ya mwaka 1953 yaandikwe waziwazi pia kwa mwenye hati ya kimila. Ikiwa hadhi ya hakimiliki hizi mbili ni sawa, basi na hasara yake iwe na mlipaji wa wazi. Mkulima asihitaji kuajiri wakili ili tu aambiwe kama ana haki ya kulipwa.

La nne, madai madogo dhidi ya Halmashauri ya Kijiji yasikilizwe karibu. Siku 90 na safari ya Bukoba kwa ajili ya kipande cha migomba ni kumwambia mnyonge akate tamaa. Nauli ikizidi thamani ya haki, haki hiyo ni ya matajiri tu.

Haya manne ni ya kuwaeleza madiwani na wabunge wetu bila kuchoka. Lakini yako yaliyo mikononi mwetu wenyewe, yasiyongoja Bunge. Mwenyekiti wa Kijiji tunamchagua sisi. Mkutano Mkuu ni sisi. Tusipohudhuria, muhtasari utaandikwa bila sisi, na majina yetu yatakuwamo.

Basi, kila mwenye hati aitoe sandukuni jioni hii. Aisome pamoja na mwenzi wake na mtoto wake anayejua kusoma. Aangalie jina, aangalie ukubwa, aangalie majirani wa pande zote, kisha atembee mpaka wake akiwa na hati mkononi. Akikuta kosa aandike barua kesho, apate mhuri na tarehe. Asiye na hati aende kwa Mtendaji aulize jina lake limeandikwaje katika daftari la kijiji, kwani daftari lile ni la wanakijiji. Na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tumeeleza ni nani anayetia sahihi na ni wapi pa kumwuliza. Kuuliza ni kazi yenu na yetu pamoja.